Dawa ya tezi imebadilishwa kipimo: niangalie nini? Maswali ya wasomaji

Mwezi huu sanduku letu limejaa barua za watu wa hali moja: wanameza levothairoksini, homoni ya tezi ya shingo inayotengenezwa kiwandani, na daktari amewaongezea au kuwapunguzia kipimo hivi karibuni. Mwili unabadilika, nao hawajui kama ni dawa, ni joto, au ni mambo mengine kabisa. Tumechagua barua kumi, tukazifupisha, na majina tumeyaacha.

Salaam aleikum jopo la afya. Mimi ni mama wa miaka 41, Kisauni. Nilianza na mikrogramu 50, daktari akanipandisha hadi 75 wiki tatu zilizopita. Siku ya nne niliamka usiku moyo wadunda na jasho lanitoka. Moyo umetulia sasa, lakini uchovu uko pale pale na nywele bado zakatika. Dada yangu aniambia nirudi 50, mume wangu asema niongeze nifike 100. Nifuate la nani?

Waaleikum salaam, mama. Kwa sasa usifuate la yeyote kati yao. Baki na 75, na upime TSH ukifika wiki ya sita hadi ya nane tangu siku uliyobadilishiwa.

Dawa hii ina mwendo wa kobe. Nusu ya iliyomo mwilini huchukua kama siku saba kuondoka, na kwa sababu hiyo hiyo kipimo kipya hujijenga kidogo kidogo. Mwisho wa wiki ya kwanza umepata kama nusu ya nyongeza, wiki ya pili robo tatu, na ni kwenye wiki ya tano au ya sita ndipo kiwango katika damu hutulia. Nyongeza yako ni mikrogramu 25, na siku ile ya nne ulikuwa umepata kama theluthi yake tu. Moyo uliodunda unaweza kuwa ulihisi dawa, maana moyo uliozoea homoni chache hushtuka hata kwa kidogo. Unaweza pia kuwa ulishtuliwa na joto, kahawa ya jioni, au wasiwasi. Usiku mmoja hautoshi kuhukumia kipimo.

TSH yenyewe huwachanganya wengi, basi tuiseme wazi. Hutoka kwenye kitezi kidogo kilicho chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamrisha tezi ya shingo ifanye kazi. Homoni ya tezi ikipungua mwilini, TSH hupanda. Ikizidi, TSH hushuka. Namba kubwa, kwa hiyo, maana yake dawa ni chache au haiingii. Kwa mtu mzima asiye mjamzito, maabara nyingi huandika kiwango cha kawaida kuwa kati ya 0.4 na 4 hivi. Soma kile kilichoandikwa kwenye karatasi yako, kwa sababu mashine hutofautiana.

Dalili za homoni kuwa chache ni uchovu usioisha kwa usingizi, kuhisi baridi, choo kigumu, ngozi kavu, uso kuvimba asubuhi, sauti kukwaruza, hedhi nzito, mapigo ya polepole na moyo mzito. Za homoni kuzidi ni mapigo ya haraka, mikono kutetemeka, kukosa usingizi, choo laini mara nyingi kwa siku, hasira za ghafla, kupungua uzito huku unakula, na kutovumilia joto. Dalili hiyo ya mwisho ina taabu kwetu sisi wa Mombasa. Kaskazi ikishika Februari na Machi, umeme ukakatika na feni ikasimama, kila mtu hutoka jasho, mwenye tezi na asiye na tezi. Jasho hapa ni shahidi dhaifu. Baridi ndiyo shahidi mzuri: anayejitanda leso mbili hali wenzake wanajipepea, ana habari ya kumpelekea daktari.

Shahidi bora kuliko wote ni mapigo ya moyo ya alfajiri. Ukifungua macho, kabla hujainuka na kabla hujashika simu, weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Usitumie gumba lenyewe, kwa kuwa lina mpigo wake na litakuchanganya. Tazama saa, hesabu sekunde 60 kamili. Wako wanaohesabu 15 wakazidisha kwa nne. Hawakosei hesabu, lakini mapigo yanayoruka huwapita. Kawaida ya mtu mzima ni kati ya 60 na 100, ila kinachotufaa zaidi ni kawaida yako wewe. Aliyekuwa na 64 kila alfajiri akawa na 86 wiki nzima mfululizo ana jambo la kumwambia daktari, ingawa 86 bado iko ndani ya mipaka.

Kutetemeka pia hupimika. Nyosha mikono mbele, viganja chini, uweke karatasi nyembamba juu ya vidole. Ikitikisika kwa mtetemo wa haraka na mdogo siku kadhaa mfululizo, andika.

Na uandike kweli, kwenye daftari dogo la kukaa karibu na kitanda. Ukurasa wa siku moja hauhitaji zaidi ya haya:

*Jumatatu, siku ya 22 ya kipimo cha 75. Kidonge saa kumi na mbili kasorobo, chai saa kumi na mbili na nusu. Mapigo 72. Nililala saa sita, nikaamka mara moja. Choo ndiyo. Uchovu 6 kati ya 10. Hedhi siku ya pili.*

Hedhi tumeitia kwa makusudi: siku zinazoitangulia huleta uchovu, uvimbe na hasira zinazofanana sana na za tezi. Bila kuandika tarehe utailaumu dawa bure. Uzito pima mara moja kwa wiki, siku ile ile, mizani ile ile, baada ya kwenda haja.

Kuhusu nywele, subira. Choo na uvimbe wa uso hutangulia kupata nafuu, nguvu hufuata katika wiki chache, ngozi baadaye. Nywele ni za mwisho. Miezi mitatu hadi sita baada ya TSH kutulia ni muda wa kawaida. Kuongeza dawa kwa ajili ya nywele hakuzihimizi. Homoni ikizidi, nayo huziangusha.

Yasiyongoja wiki ya sita ni haya: maumivu ya kifua, kuhema ukiwa umekaa, kuzirai, au mapigo yanayopita 100 ukiwa umepumzika na hayashuki, au yanayoruka ruka bila mpangilio. Hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Na upande wa pili, mgonjwa wa tezi anayekuwa mwenye usingizi mzito, mwili baridi na maneno yasiyoeleweka, hasa aliyeacha dawa, apelekwe haraka vile vile. Ikiwa moyo wadunda kila siku lakini huna dalili hizo, mpigie daktari wako; anaweza kukuwekea kipimo cha katikati. Usijipunguzie mwenyewe.

TSH yangu ilikuwa 9.8. Nikaongezewa kutoka 75 hadi 100, na baada ya wiki nane ni 9.1. Sikosi hata siku moja. Nameza asubuhi kwa chai ya maziwa na mahamri kabla ya kukimbilia matatu, pamoja na kidonge cha damu na omeprazoli ya kiungulia. Je, tezi yangu imekuwa sugu? (Msomaji wa Tudor)

Tezi yako haina usugu, dada. Dawa haifiki kwenye damu. Kwenye tumbo tupu, karibu asilimia 70 hadi 80 ya kidonge hufyonzwa. Kwenye kiamshakinywa kama chako hushuka sana. Kalsiamu ya maziwa huishika, madini ya chuma ya kidonge cha damu huishika kwa nguvu zaidi, na omeprazoli hupunguza asidi ya tumbo ambayo kidonge kinaihitaji ili kiyeyuke. Umezipanga zote tatu dakika moja.

Panga hivi. Kidonge cha tezi saa kumi na mbili asubuhi, na maji matupu, glasi nzima. Chai na mahamri dakika 30 hadi 60 baadaye. Saa moja ni bora. Kahawa pia hungoja, hata ile chungu isiyo na maziwa. Kidonge cha damu, kalsiamu, na dawa za maji za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu visogee saa nne mbele, yaani si kabla ya saa nne asubuhi. Kwako mwenye haraka, kidonge cha damu ukipeleke chakula cha mchana uache kukihesabia saa. Omeprazoli haitatuliwi kwa kupanga saa, kwa sababu hukata asidi mchana na usiku; mwulize daktari kama bado unaihitaji. Kama kiungulia kimekaa miaka, uliza pia kuhusu kipimo cha kile kijidudu cha vidonda vya tumbo, maana nacho huzuia ufyonzaji.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu hapa ndipo watu huumia: ukiirekebisha asubuhi yako, mikrogramu 100 zitaanza kuingia vizuri, na huenda zikakuzidi. Mwambie daktari tarehe uliyobadilisha utaratibu, hesabu mapigo kila alfajiri, na urudie TSH baada ya wiki sita kana kwamba umebadilishiwa kipimo. Kwa kweli umebadilishiwa.

Wengine wanaosoma hapa wana tatizo tofauti linaloleta karatasi inayofanana. Hukosa vidonge siku nyingi, kisha wiki ya kwenda kupima wakameza kwa bidii. T4, yaani homoni yenyewe ya tezi ikipimwa kwenye damu, hutoka nzuri au hata juu kidogo, na TSH bado imepanda, kwa kuwa T4 hujibu kwa siku na TSH hujibu kwa wiki. Daktari mzoefu huusoma mpangilio huo. Ni afadhali kumwambia ukweli kabla hajakuongezea dawa usiyohitaji.

Nameza vidonge vya kukuza nywele na kucha. Majibu yangu yasema TSH 0.1 na T4 imepanda, nami nahisi baridi na uchovu. Daktari ataka kunipunguzia. (Nyali)

Tazama kibandiko cha chupa kama kina bayotini. Vingi vya aina hiyo vina mikrogramu 5,000 hadi 10,000. Bayotini huvuruga namna mashine nyingi za maabara zinavyosoma: TSH hutoka chini na T4 juu, zote mbili za uongo, hali mwili wako unalalamika kinyume. Mwombe daktari asibadilishe chochote kwanza. Acha bayotini siku tatu kamili, rudia kipimo, na umwambie mtu wa maabara ulichokuwa ukimeza.

Baba yetu ana miaka 72 na ugonjwa wa moyo. TSH yake ni 14. Daktari kaandika mikrogramu 25, famasi wameandika miligramu 0.025. Hiyo dawa si kidogo mno? Jirani yetu alianzishwa 100. (Mji wa Kale)

Ni kiasi kile kile kwa vipimo viwili: miligramu 0.025 ni mikrogramu 25, 0.05 ni 50, na 0.1 ni 100. Chungeni nukta hiyo, kwani 0.25 ingekuwa mara kumi.

Si kidogo kwa mzee wenu. Mtu mzima asiye na maradhi ya moyo, ambaye tezi yake imekufa kabisa, huhitaji takriban mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito, ndiyo maana jirani wa kilo 62 akapewa 100. Mzee mwenye moyo dhaifu huanzishwa 12.5 au 25 na kupandishwa kwa hatua hizo hizo kila wiki nne hadi nane, kwa sababu homoni huufanya moyo upige haraka na kutaka hewa zaidi, na mishipa iliyoziba haiwezi kuupa. Muulizeni kila siku kuhusu kifua akipanda ngazi au akitembea kwenda msikitini. Kifua kikimbana au pumzi ikimwishia mahali alipokuwa akipita vizuri juzi, mpelekeni hospitali, na daktari ajue ni siku ya ngapi ya kipimo kipya. Msitamani pia kumfikisha kwenye namba ya kijana: kwa waliopita miaka 70, madaktari wengi huridhika na TSH ya 4 hadi 6.

Nimegundua nina mimba ya wiki sita. Nameza mikrogramu 100, TSH yangu ya mwisho miezi mitano nyuma ilikuwa 2.1. Kliniki yangu ya kwanza ni mwezi ujao. Naweza kungoja? (Likoni)

Usingoje, dada. Wiki hizi za mwanzo mtoto hana tezi inayofanya kazi, anategemea homoni yako, na mahitaji yako yanapanda kwa robo hadi nusu ya kipimo. Mpigie daktari leo au vuka kesho asubuhi, upimwe TSH. Miongozo ya madaktari inaruhusu mjamzito anayetumia dawa hii aongeze vidonge viwili kwa wiki mara tu mimba inapothibitishwa: badala ya saba, tisa. Kwa mfano, kimoja kila siku, na Jumatatu na Alhamisi viwili. Mtajie daktari mpango huo kwa simu, akubali au akupangie mwingine. Kisha TSH kila wiki nne mpaka nusu ya mimba, na tena karibu na wiki ya 30. Lengo ni kukaa chini ya 2.5.

Kwako wewe dalili hazitasaidia sana. Uchovu, choo kigumu, moyo kwenda haraka na joto ni vya mimba vile vile. Fuata damu. Vidonge vya madini ya chuma utakavyopewa kliniki vimeze mchana au usiku, saa nne mbali na cha tezi. Ukijifungua, kwa kawaida unarudi kwenye kipimo cha kabla ya mimba na kupima baada ya wiki sita. Kunyonyesha hakuna zuio.

Ramadhani nimeze saa ngapi? Mwaka jana nilimeza pamoja na tende wakati wa kufuturu, na baada ya Idi TSH ikapanda. (Majengo)

Ilipanda kwa sababu tende, uji na vitoweo vilifuata kidonge papo hapo. Sisi tuko karibu na ikweta, usiku wetu haubadiliki sana mwaka mzima: tangu magharibi mpaka alfajiri una kama saa kumi na nusu za kupanga. Njia mbili hufaa. Ya kwanza, acha kula saa tatu usiku baada ya tarawehe, umeze saa sita ukienda kulala. Inataka saa tatu tupu, na kikombe cha maziwa saa tano huiharibu. Ya pili, amka saa kumi kasorobo, meza na maji, ule daku saa kumi na nusu. Chagua ile utakayoiweza siku 30. Kubadilisha badilisha ndiko kunakoharibu.

Ukisahau usiku mmoja, usivunje saumu kwa ajili yake. Dawa ya siku iliyotangulia bado imo mwilini tele. Meza cha usiku unaofuata kama kawaida, bila kuongeza. Na kama kuna kipimo cha damu, kifanywe kabla ya mwezi kuandama au wiki sita baada ya Idi, ukisharudia saa zako za kawaida.

Nafanya shifti bandarini, wiki mchana wiki usiku. Asubuhi yangu haieleweki. (Changamwe)

Ifunge dawa kwenye usingizi, ndugu, uiachilie saa ya ukutani. Meza kila unapoamka kutoka usingizi wako mrefu, hata kama ni saa tisa alasiri, kisha ngoja dakika 45 kabla ya chakula. Siku ya kugeuza shifti itakuwa na pengo la saa 30 au la saa 18. Dawa hii inavumilia hilo. Ila kipimo cha TSH kifanye saa ile ile kila mara, kwa kuwa TSH hupanda usiku na kushuka mchana, na mapigo uyahesabu kabla ya kuinuka, popote pale siku yako inapoanzia. Siku ya kutoa damu, toa kwanza ndipo umeze, kwa sababu T4 hupanda kwa saa chache baada ya kidonge.

Mimi tezi yangu imezidi, si kupungua. Natumia karbimazoli, nimeshushwa kutoka miligramu 20 hadi 10, na propranololi. T4 imekuwa sawa lakini TSH bado haionekani kabisa. Tangu juzi koo laniuma na jana nilikuwa na homa. Nichukue antibiotiki? (Bamburi)

Hapana. Acha karbimazoli sasa hivi na uende hospitali leo upimwe damu, chembe nyeupe zihesabiwe. Mara chache karbimazoli huzifuta chembe zinazopigana na maambukizi, mara nyingi katika miezi mitatu ya mwanzo, na ishara yake ni hiyo hiyo: koo, homa, au vidonda mdomoni. Watu wengi watakuwa na mafua tu. Lakini anayenunua antibiotiki dukani akangoja siku nne, akiwa ndiye mwenye tatizo lenyewe, anaweza kupoteza maisha. Chembe zikiwa sawa, daktari atakurudishia dawa siku ile ile. Macho kuwa ya manjano au mkojo wa rangi ya chai ni sababu nyingine ya kwenda bila kungoja. Na ukishuku mimba, mwambie daktari mara moja, kwa kuwa karbimazoli ina hatari kwa mtoto wiki za mwanzo.

TSH isikutie hofu. Iliyokandamizwa muda mrefu huchelewa kuamka, wiki nyingi na pengine miezi, baada ya T4 kurudi sawa. Ndiyo maana kwa sasa kipimo chako huongozwa na T4 na T3 (homoni ya pili ya tezi) kila wiki nne hadi sita. Halafu ujue kwamba propranololi huyashusha mapigo na kutuliza mikono, kwa hiyo hesabu ya alfajiri tuliyoisifu hapo juu haikufai sana. Tazama uzito, usingizi na choo. Ukianza kuhisi baridi, kulala mchana, na uvimbe wa shingo ukaongezeka, kipimo kimekuwa kikubwa.

Niache muhogo na kabichi? Na unga wa mwani naambiwa unaamsha tezi. (Mtongwe)

Muhogo wa pale ufukweni Mama Ngina na kabichi ya kupikwa kula kwa kiasi cha kawaida. Madhara yake kwa tezi huonekana pale madini joto yanapokosekana, nasi chumvi yetu ya dukani hutiwa madini hayo. Mwani ni jambo jingine. Una madini joto kwa kiasi usichoweza kukikisia, na mengi mno yanaweza kuizima tezi au kuichochea. Wakati unatafutiwa kipimo, uache kabisa. Ukiutumia, daktari atakuwa anafukuza namba inayokimbia.

Mimi ni dereva wa tuktuk. Kidonge hukaa chomboni ili nisisahau. Mwezi huu famasi wamenipa cha kampuni nyingine, nguvu ile ile, nami nimeanza kuchoka. (Makupa)

Kitoe chomboni leo, kaka. Vidonge hivi huharibiwa na joto, mwanga na unyevu, na vingi huandikwa vihifadhiwe chini ya nyuzi 25. Ndani ya tuktuk iliyoegeshwa juani adhuhuri ni zaidi ya hapo sana, na hewa yetu ya pwani ni ya maji maji. Huwezi kuona kwa macho. Kidonge hubaki cheupe na kizima huku nguvu ikipungua. Kiache kwenye karatasi yake ya kiwanda, usitoe vyote ukavitia kwenye kichupa. Kiweke chumba kilicho baridi zaidi nyumbani, kabatini, mbali na jiko na bafu. Nunua vya mwezi mmoja mmoja, hasa wakati wa kaskazi, na uangalie famasi yenyewe kama ina baridi. Ukitaka kutumia friji, soma kwanza maandishi ya boksi, na kama yanaruhusu, vikae ndani ya kibati kinachofunga vizuri.

Kuhusu kampuni mpya, Eltroxin na Euthyrox na nyinginezo zina homoni ile ile, lakini viambata vinavyoshikilia kidonge hutofautiana, na baadhi ya watu hufyonza tofauti. Usimlaumu mfamasia wala usirudishe boksi. Andika tarehe ya kubadilisha, upime TSH wiki sita baadaye, na tangu hapo umwombe akupe ya kampuni moja kila mwezi. Kwako wewe mabadiliko ni mawili kwa mpigo, joto la chombo na kampuni mpya. Rekebisha la joto leo, anza boksi ambalo halijapanda tuktuk, na wiki sita zihesabiwe kutoka kidonge cha kwanza cha boksi hilo.